Gari la Zamani Likikataa Kuwaka Asubuhi: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Kila msimu wa kusi unapoingia, swali ninaloulizwa sana na wasomaji pamoja na majirani ni moja. Mtu ana gari la zamani, iwe Peugeot, Datsun, Volkswagen au Land Rover ya petroli, alilolinunua kwa mapenzi au alilorithi kwa mzee wake. Asubuhi gari haliwaki mpaka lisukumwe, au mpaka betri ikaribie kufa. Likishawaka linatembea siku nzima bila taabu, na ukilizima sokoni ukirudi linawaka mara moja. Kesho alfajiri, mambo ni yale yale.

Dawa ambayo wengi hupewa ni kubadilisha vipuri. Betri leo, koili wiki ijayo, pampu mwisho wa mwezi. Pesa zikiisha na gari bado haliwaki, mwenye gari anakata tamaa na kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Gari lililosomesha watoto wa nyumba nzima linapimwa kwa kilo, na mara nyingi ugonjwa wake ulikuwa waya au kipande cha mpira. Ndiyo maana nimeona niandike hatua za kutafuta kasoro hii kwa mpangilio, ili mwenye gari aweze kuzifuata mwenyewe au amsimamie fundi wake akizifuata.

Nilisomea ufundi wa magari kiwango cha diploma, na jambo la kwanza tulilofundishwa darasani ndilo linalosahaulika zaidi gereji: kipuri hakinunuliwi mpaka kipimo kiseme kimekufa.

Baridi ya Pwani si baridi ya Limuru

Tuondoe kwanza dhana moja. Watu husema gari haliwaki "kwa sababu ya baridi". Hapa kwetu Mombasa, hata usiku wa Julai joto hubaki karibu nyuzi 20. Magari haya yalitengenezwa ili yawake kwenye theluji ya Ulaya; nyuzi 20 si baridi kwao.

Fundi anaposema gari linasumbua likiwa baridi, maana yake ni kwamba injini imelala hadi ikapoa. Injini iliyopoa inadai mambo matatu zaidi ya ile yenye moto. Inataka nguvu zaidi ya betri kwa sababu oili imekuwa nzito. Inataka cheche kali. Na inataka petroli nyingi zaidi kwa hewa ile ile, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri inapogusa chuma kilichopoa. Kasoro ndogo ambayo injini yenye moto huisamehe, injini iliyopoa haiisamehi.

Maadui wa gari la zamani huku Pwani ni wengine: chumvi ya bahari, unyevu wa usiku, na joto linalokausha petroli ndani ya kabureta gari likiwa limesimama. Ukiwajua hawa watatu, umeshapata nusu ya jibu.

Mfano wangu utakuwa Peugeot 504 yenye kabureta. Gari hili lilitoka Ufaransa mwaka 1968, na Mkenya hahitaji kutambulishwa kwalo. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 aina yake ya V6 ikashinda mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Zile za mgongo mrefu zilibeba abiria wa safari za mbali kwa miaka mingi. Injini yake ya silinda nne haina kompyuta, na sehemu zake nyingi unaweza kuziona, kuzigusa na kuzipima. Hatua hizi zinafaa pia kwa gari lolote la petroli la enzi hizo lenye kabureta na distribyuta.

Sikiliza kabla ya kufungua boneti

Mambo manne yatakuonyesha pa kuanzia.

Kwanza, stata inalia vipi? Ikitoa mlio mmoja wa "tik" na kunyamaza, au ikizunguka kwa uvivu, nenda kwenye betri na nyaya zake. Ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini injini haishiki, achana na betri kwa sasa. Tafuta cheche na petroli.

Pili, je, kuna harufu ya petroli baada ya kupiga stata kwa muda? Ikiwapo, petroli inafika, na pengine imezidi. Isipokuwapo kabisa, huenda haifiki.

Tatu, gari lililala muda gani? Likiwaka vizuri baada ya usiku mmoja lakini likisumbua baada ya siku tatu au nne, shuku petroli inayokauka au kurudi kwenye tangi. Likisumbua zaidi asubuhi za mvua na umande, shuku umeme wa cheche.

Nne, injini hushika wakati gani? Ikiwa inashika pale tu unapoachia ufunguo, hiyo ni dalili ya pekee, nami nitaieleza hapo chini.

Andika majibu kwenye daftari kwa asubuhi tatu mfululizo. Daftari hilo litamsaidia fundi kuliko maelezo ya "jana lilikataa".

Hatua ya kwanza: betri na nyaya zake

Tafuta mita ya umeme ya bei nafuu. Pima betri asubuhi kabla hujawasha chochote. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.4 imepungua kiasi, 12.2 ni kama nusu, 12.0 au chini yake imekaribia kuisha. Kisha mtu apige stata huku ukitazama mita. Ikianguka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au stata inakula umeme kupita kiasi.

Kabla hujainunulia gari betri mpya, fanya kipimo kimoja ambacho hakina gharama. Usiku pima betri, kisha chomoa waya wake wa hasi. Asubuhi pima tena. Volti zikianguka sana ilhali waya umechomolewa, betri yenyewe imechoka. Zikibaki pale pale, lakini huanguka usiku ambao waya umeunganishwa, kuna kitu kwenye gari kinachonyonya umeme gizani. Aghalabu ni redio au king'ora kilichofungwa baadaye, au taa ya buti isiyozimika. Betri mpya nayo itanyonywa vile vile.

Na ikiwa betri ni nzima lakini stata inazunguka kwa uvivu? Hapo chumvi imefanya kazi yake. Tazama ncha za betri, na hasa ule waya mnene unaotoka kwenye hasi kwenda kwenye bodi, na mwenzake unaounganisha bodi na injini. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, waya huu huoza ndani ya ganda lake huku nje ukionekana mzima. Zuia injini isiwake kwa kuchomoa waya mdogo unaopeleka umeme kwenye koili. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.5, njia hiyo ina kizuizi. Fungua viungo, visugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, vikaze, kisha paka grisi ili chumvi isirudi.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Betri dhaifu inaweza kuzungusha injini na bado gari lisiwake, kwa sababu stata imekula umeme wote na koili imebakiwa na mabaki. Gari hilo likisukumwa linawaka mara moja, na watu wanailaumu stata bure.

Hatua ya pili: cheche

Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, kisha igusishe sehemu yake ya chuma kwenye bloku ya injini, mbali na tundu ulikoitoa. Ishike kwa koleo lenye mikono ya plastiki, usitumie kidole. Mtu apige stata. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia kwa sauti kavu. Cheche ya rangi ya machungwa, nyembamba, inayokuja na kupotea, haitoshi kwa injini iliyopoa ingawa inaweza kutosha ikiwa moto.

Isome na plagi yenyewe. Ikiwa kavu na safi baada ya kupiga stata sana, petroli haifiki. Ikiwa imelowa petroli, cheche ni dhaifu au petroli imezidi. Ikiwa na masizi meusi makavu, gari linakula petroli nyingi kuliko hewa. Ikiwa na oili, ringi au miongozo ya valvu imelika.

Cheche ikiwa dhaifu, anzia nje uende ndani. Fungua kifuniko cha distribyuta, kifute kwa kitambaa kikavu, kisha kitazame ndani kwenye mwanga. Ukiona mstari mweusi mwembamba kama unywele kati ya nguzo moja na nyingine, umeme umejichongea njia ya mkato, na hakuna kusafisha kutakakoufuta. Hicho ndicho kipuri cha kununua. Nyaya za plagi zipime gizani: kabla hakujapambazuka, fungua boneti, washa injini, zima taa zote. Ukiona vicheche vya buluu vinacheza juu ya nyaya, ganda lake limepasuka na unyevu unapitisha umeme. Chumvi iliyoganda juu ya nyaya huvuta unyevu wa usiku. Jua likipanda inakauka na gari linapona. Ndiyo sababu ugonjwa huu huonekana alfajiri na kupotea saa nne.

Kontakti nazo hushika kutu gari likikaa wiki kadhaa. Zipitishie msasa laini, zifute, kisha pima pengo lake kwa vibapa. Kwa magari mengi ya enzi hizo pengo hilo ni kati ya milimita 0.35 na 0.5, na la plagi kati ya 0.6 na 0.8. Kitabu cha gari lako ndicho chenye kauli ya mwisho.

Sasa ile dalili ya kushika unapoachia ufunguo. Baadhi ya magari ya zamani yana koili inayolishwa kupitia kizuizi cha umeme, na wakati wa kupiga stata kuna waya wa pili unaoruka kizuizi hicho ili koili ipate nguvu kamili. Waya huo ukikatika, koili inapata umeme mdogo mno stata ikizunguka. Ukiachia ufunguo, umeme unapanda na injini inashika kwa sekunde moja. Hapo kasoro ni waya mmoja, wala si koili.

Hatua ya tatu: petroli

Injini ikiwa imezimwa, ondoa kifuniko cha kichungi cha hewa na uchungulie ndani ya koo la kabureta. Sukuma kwa mkono kile kijiti kinachovutwa na pedali ya mafuta. Unapaswa kuona mchirizi mwembamba wa petroli ukiruka ndani. Ukiuona, bakuli la kabureta lina petroli, na shida iko kwingine. Usipouona, bakuli huenda limekauka.

Kukauka kwa bakuli ni jambo la kawaida Pwani. Unapozima gari lenye moto, joto la injini hupanda kwenye kabureta na kugeuza petroli kuwa mvuke. Pampu ikiwa nzima na paipu ikiwa imejaa, stata ikizunguka sekunde kadhaa bakuli hujaa tena. Shida ni pale paipu nayo inapokuwa tupu, kwa sababu petroli imerudi kwenye tangi usiku.

Jirani yangu mmoja wa Kisauni alikuwa na 504 pikapu iliyoachwa na marehemu babake. Alipoileta, alikuwa ameshabadilishiwa betri, koili na pampu ya mafuta, na kila asubuhi bado inasukumwa na vijana wa mtaa. Tulipochungulia kabureta alfajiri hapakuwa na mchirizi. Tulijaza bakuli kiasi, tukarudisha kifuniko cha kichungi, ikawaka papo hapo. Basi cheche ilikuwa sawa na choki ilikuwa sawa. Tukafuata paipu kutoka kwenye pampu kwenda nyuma, na kwenye kipande cha mpira kinachounganisha paipu ya chuma na pampu tukakuta nyufa ndogo. Mpira huo haukuwa ukivuja hata tone, kwa kuwa upande ule pampu inavuta, haisukumi. Injini ikifanya kazi, pampu ilimudu. Gari likilala, hewa iliingia kwenye nyufa na petroli yote ikateremka tanginini. Dawa ilikuwa mpira wa urefu wa kiganja na vibanio viwili.

Ukikuta mpira ni mzima, ipime pampu. Chomoa paipu inayoingia kwenye kabureta, ielekeze kwenye chupa, katisha umeme wa koili, kisha mtu apige stata. Petroli inapaswa kuruka kwa vipigo vyenye nguvu. Ikidondoka matone, tazama kichungi, kisha kiwambo na valvu za pampu.

Hatua ya nne: choki na hewa

Kazi ya choki ni kupunguza hewa ili petroli iwe nyingi injini ikiwa imepoa. 504 nyingi nilizozishika zina choki ya kuvuta kwa mkono. Mtu anavuta kitufe na kuamini choki imefunga. Hebu fungua kichungi utazame: kile kibati cha choki kinafunga koo lote, au kinaishia nusu? Waya wa choki hushika kutu kwa chumvi ndani ya ganda lake, kitufe kikaja chote lakini kibati kisisogee. Oili kidogo na kurekebisha skrubu ya waya hutosha mara nyingi.

Kasoro ya kinyume ni kuzidisha. Ukivuta choki na kukanyaga pedali mara kumi, plagi zinalowa. Hapo rudisha choki, kanyaga pedali mpaka chini na uishikilie bila kuipampu, kisha piga stata. Hewa nyingi itakausha silinda. Gari likizama petroli kila siku bila wewe kupampu, sindano ya bakuli haifungi au boya limetoboka.

Hewa inayoingia kwa wizi nayo huharibu hesabu yote. Tazama mipira ya kunyonya hewa, hasa ule mnene unaokwenda kwenye breki, na gasketi chini ya kabureta. Injini ikinguruma taratibu, bana mpira wa breki kwa koleo kwa muda mfupi, gari likiwa limesimama. Mngurumo ukibadilika na kutulia, upande huo unavuja.

Hatua ya mwisho: mgandamizo

Ikiwa betri, cheche, petroli na choki vyote vimefaulu, ndipo ushuku injini yenyewe. Fundi atoe plagi zote, akatishe umeme wa koili, akanyage pedali mpaka chini na apime mgandamizo wa kila silinda. Cha kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, mwaga kijiko cha oili kwenye tundu lake upime tena. Ukipanda, ringi zimelika. Usipopanda, ni valvu au gasketi ya kichwa.

Usisahau kupima nafasi ya tapeti. Kufikia mwanzoni mwa 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara, nasi tukanufaika kiafya. Lakini baadhi ya injini za zamani zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu. Viti vikilika, nafasi ya tapeti hupotea, valvu haifungi vizuri na mgandamizo hushuka. Wakati mwingine kurekebisha tapeti peke yake hurudisha uhai.

Mambo ya kutofanya

Usimwage petroli kwenye koo la kabureta huku mtu akipiga stata. Injini ikipiga chafya, moto unarudi juu na kumkuta uliyeinama na chupa mkononi. Ukilazimika kujaza bakuli, tumia petroli kidogo, funga chupa na uiweke mbali, rudisha kifuniko cha kichungi, kisha ndipo stata ipigwe.

Usiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa ekzosi una gesi isiyo na rangi wala harufu, na huua mtu akidhani ana usingizi tu. Na usilete sigara karibu na betri inayochajiwa.

Usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Ipumzishe kama nusu dakika, la sivyo utaunguza stata na kujiongezea ugonjwa wa pili.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: sikiliza, pima betri na nyaya, tazama cheche, tazama petroli, tazama choki na hewa, kisha mgandamizo. Usiruke hatua, na usibadilishe vitu viwili kwa siku moja, maana gari likiwaka hutajua ni kipi kilichoponya. Fundi akikwambia nunua koili, mwulize kwa upole ameipima vipi. Fundi mzuri hatakasirika, atakuonyesha. Na kabla hujakubali bei ya mwenye mizani ya vyuma chakavu, lipe gari la mzee asubuhi moja ya vipimo hivi.